Matangi Sita ya Samaki, na Hesabu Yake

Napenda kuwasimulia wasomaji wa gazeti hili, khasa wazee wenye watoto na vijana wenyewe, jambo lililonipata nyumbani kwangu hapa Unguja. Sababu ya kuliandika ni kwamba mjukuu wangu, mtoto wa miaka 11, alinijia mwezi uliopita na karatasi aliyoichora kwa rula. Anataka tumjengee rafu ya matangi ya samaki yenye safu 4, kila safu matangi 3, jumla matangi 12. Nilimwambia, "Nipe siku chache, mjukuu wangu, nitakujibu kwa maandishi." Jibu lenyewe ndilo hili, nami nimeona si vibaya na wengine wakalisoma.

Rafu ya kwanza katika nyumba yetu ilijengwa mwaka 2008 kwa ajili ya baba yake, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa skuli. Wakati wa masika tulikwenda bondeni, naye akaona katika dimbwi la mvua visamaki vidogo visivyofika urefu wa kidole. Majike yao ni ya kijivu, hayana pambo, lakini madume yamevaa rangi ya buluu na nyekundu kama kanga mpya. Wataalamu wanamwita samaki huyu Nothobranchius guentheri. Aliandikwa katika vitabu vyao mwaka 1893, na asili yake ni kisiwa hiki chetu cha Unguja. Ajabu yake ni kuwa anaishi katika madimbwi yanayokauka. Jua la kiangazi likiyanywa maji, samaki wote hufa, lakini mayai waliyoyazika katika tope hubaki hai chini ya udongo mkavu, yakingoja mvua.

Kijana wangu alipoleta wanane nyumbani, wakakaa katika tangi moja, haukupita muda tukaona kuwa tangi moja halitoshi. Wakubwa huwala wadogo. Wadogo nao hawakui sawasawa, na aliyetangulia kukua humla aliyechelewa ingawa wametoka katika mayai ya siku moja. Madume mawili katika nafasi finyu hupigana mpaka mapezi yakachanika. Hiyo ndiyo sababu ya haki ya kuwa na matangi mengi, nayo ni kutenga umri na umri, na mgomvi na mgomvi.

Basi tukajenga. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwani mjukuu wangu atayahitaji maneno haya, na wako vijana wengi wanaoanza kwa pupa wakaishia kwa khasara. Kwanza ni uzito. Kila tangi letu lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Likitiwa maji mpaka sentimita 25 huwa na lita 45, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo chenye unene wa milimita 6 kwa tangi kama hilo huwa kiasi cha kilo 11. Maana yake matangi 6 ni zaidi ya kilo 330, wala hujahesabu mchanga wala chuma chenyewe. Ni sawa na kuwasimamisha watu wazima watano juu ya rafu usiku na mchana. Kabati la vitabu haliwezi kazi hiyo. Tulimwita fundi wa kuchomea vyuma akatuundia rafu ya safu 3 kwa vyuma vya pembe, tukaipaka rangi ya kuzuia kutu, tukaisimamisha juu ya sakafu ya saruji, tukaifunga ukutani ili mtoto akiivuta isimwangukie.

Pili ni usawa. Rafu ikiinama kidogo tu, maji yote huelemea upande mmoja, na siku moja kioo hupasuka. Tuliweka pimamaji kila safu, kwa urefu na kwa upana. Juu ya mbao tukatandika lile povu jeupe gumu ambalo hufungiwa televisheni katika maboksi, ili kama pana chembe ya mchanga isikichome kioo kwa chini. Matangi tuliyaunga wenyewe kwa gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, kwani dawa hiyo huwadhuru samaki. Gundi ikipakwa hunuka kama siki, na haifai kutia maji mpaka harufu ile imekwisha kabisa.

Tatu ni hewa na umeme. Pampu moja ya hewa iliwekwa safu ya juu kabisa, juu ya usawa wa maji yote, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwa mpira mwembamba yakaingia katika pampu. Kutoka hapo hewa ilipita katika koki ndogo 6, kila koki na tangi lake, na ndani ya kila tangi palikuwa na chujio la sponji. Nyaya zote ziliachwa zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji likiteremka lianguke sakafuni lisifike penye umeme.

Nne ni subira, na hapa ndipo wengi huanguka. Uchafu wa samaki hutoa sumu iitwayo amonia. Katika sponji huota vijidudu viitwavyo bakteria, ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha vingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo dhara yake ni ndogo na huondoka kwa kubadilisha maji. Vijidudu hivyo havinunuliwi kwa haraka. Huota taratibu, kiasi cha wiki 4 mpaka 6. Anayejaza samaki siku ile ile aliyojaza maji huwa amewatia katika sumu yao wenyewe. Kijana wangu alingoja wiki 6, akijifunza kusubiri kuliko nilivyoweza kumfunza mimi kwa maneno.

Baadhi ya jamaa waliniuliza, je, inafaa kumfungia kiumbe wa Mungu ndani ya kioo kwa kumtazama? Niliwajibu kwa khabari mashuhuri ya mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea, na Mtume (S.A.W.) akimtania kwa upole kuhusu kidege kile, wala hakumkataza. Wanavyuoni wametoa katika khabari hiyo ruhusa ya kufuga kwa kujifurahisha. Walakini iko khabari nyingine iliyo mashuhuri vile vile, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie. Mimi wakati ule niliishika ile ya kwanza kwa mikono miwili, na ile ya pili nikaisoma kama inayomhusu mtu mwingine.

Nakiri kuwa rafu ile ilinipa kiburi. Wageni walipokuja waliketi mbele yake, na mimi nikawasha taa za matangi moja moja kama mtu anayefunua vito. Yule aliyewalisha samaki ni kijana, yule aliyesafisha ni kijana, na yule aliyejisifu ni baba yake.

Mwezi wa Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, nao haukurudi mpaka Machi 2010. Ilikuwa tangu Mfunguo Tatu mpaka Mfunguo Sita. Usiku wa kwanza tulidhani ni jambo la saa chache, tukalala. Alfajiri kijana wangu aliniamsha kabla ya adhana. "Baba," alisema, "samaki wamepanda juu wote, wanahema." Pampu ilikuwa imenyamaza usiku kucha. Katika tangi lililokuwa na samaki wengi tulikuta 9 wamekufa, na maji yamekwisha kufanya ukungu. Sponji lisilopita hewa lilikuwa limeanza kufa nalo, na vijidudu vyake pamoja nalo, hata sumu ikabaki bila ya wa kuigeuza.

Tukaanza kuyachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena ndani kutoka juu, ili yapate hewa, mmoja wetu kila baada ya sala. Tukabadilisha maji zaidi kuliko desturi. Kabla ya hapo tulikuwa tukitoa robo ya maji ya kila tangi kwa wiki, yaani kiasi cha lita 67 kwa matangi yote, ambazo ni ndoo tatu na zaidi. Sasa tulihitaji kufanya hivyo karibu kila siku. Na maji yenyewe hayakuwepo, kwani mashine za kusukuma maji nazo zinategemea umeme. Mifereji ilikauka. Watu walitoka na madumu usiku wa manane kwenda kutafuta visima, na foleni za akina mama na watoto zikawa ndefu.

Mimi nilikuwa na pipa la lita 200 ukumbini. Nililijaza siku ya pili kwa gari la rafiki yangu, nikalifunika, nikaliweka kwa ajili ya matangi. Jioni ya siku ya tano alikuja bibi mmoja jirani yetu, mjane anayekaa na wajukuu wawili. Alikuja na ndoo moja. Akapiga hodi, akasalimu, akauliza kama tunayo maji kidogo ya kupikia. Macho yake yakaliona pipa. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, ulimi wangu ulitangulia akili yangu, nikasema, "Hayo ni ya samaki, bibi."

Hakukasirika. Aliigeuza ndoo yake mkono wa pili akasema, "Basi samaki wana bahati, mwanangu." Akaanza kugeuka.

Mke wangu alikuwa mlangoni pa jiko. Hakuniambia neno. Alikwenda akaichukua ndoo ya bibi mkononi mwake, akaijaza pipani, akamwita kijana wetu aipeleke mpaka kwake. Kisha akachukua ndoo yetu akaijaza, akaipeleka nayo. Nilibaki nimesimama mbele ya matangi sita, lita 270 za maji, nikajiona katika kioo.

Usiku ule, baada ya sala ya isha, nilimfuata sheikh anayesomesha darsa katika msikiti wa mtaani kwetu, nikamweleza yote bila ya kujipamba. Nilitaraji ataniambia niwamwage samaki nipumzike. Hakusema hivyo. Aliniambia kuwa haja ya binadamu inatangulia, na hilo halina mjadala. Lakini kiumbe niliyemfungia sina ruhusa ya kumwacha afe kwa kuwa amekuwa mzigo. Akanikumbusha walivyosema wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, kuwa mtu mwenye maji machache, akiwa na mnyama mwenye kuheshimiwa aliye na kiu, humwachia mnyama yale maji naye akatayamamu kwa ajili ya sala yake. "Tazama," alisema, "udhu umepisha kiu ya mnyama. Basi udhu uliopisha, na fahari yako haipishi?" Kisha akanipa hukumu ya mwenye mnyama asiyeweza kumtunza, kuwa amtoe kwa anayeweza, au amwachie huru pahala atakapoishi, na ikiwa ni wa kuliwa amchinje. "Na wewe punguza," alisema. "Hukuamrishwa kuwa na matangi sita."

Nilirudi nyumbani nikakaa na kijana wangu kwa mwanga wa kandili. Kuwarudisha madimbwini hakukufaa, kwani mvua za vuli zilikuwa zinakwisha na madimbwi yanakauka. Kuwaachia huko ilikuwa ni kuwaua kwa jina la uhuru. Hapo kijana akasema jambo ambalo mimi sikulifikiri. "Baba, samaki hawa Mwenyezi Mungu amekwisha kuwaumbia njia ya kupita kiangazi. Sisi tuifuate."

Tulitafuta makumbi ya nazi, tukayasugua mpaka yakatoa vumbi lake, tukalichemsha, tukalitia katika mabakuli ndani ya matangi. Majike na madume wakaingia humo wakataga, kama wanavyotaga katika tope la bondeni. Baada ya wiki mbili tukalitoa vumbi lile, tukalikamua taratibu, tukaliacha katika kivuli mpaka likabaki na unyevu mdogo tu, kama tumbaku ya tambuu. Tukalitia katika mfuko, tukaufunga, tukaandika tarehe, tukauweka ndani ya mkebe juu ya kabati. Samaki kumi tukawapa vijana wawili marafiki wa mwanangu, kila mmoja watano, kwa sharti ya kuwatunza. Kumi wengine tukawabakisha katika matangi mawili, watano watano, idadi ambayo maji yanaweza kuibeba bila ya pampu. Wazee waliobaki walikufa wenyewe kidogo kidogo, kwani umri wao ni mfupi. Aghalabu hawaupiti mwaka.

Matangi manne tukayamaliza. Maji yake hatukuyamwaga ovyo, kwani maji yaliyokaa na samaki ni mbolea. Tuliyagawa kwa ndoo, mengine ya kusafishia vyoo vyetu na vya jirani, mengine ya mchicha. Pipa likafunuliwa, na mke wangu ndiye aliyekuwa akiligawa. Kila tulipopata la kulijaza, ndoo ya kwanza ilikwenda kwa bibi.

Miezi ikapita. Maulidi ya mwaka ule tuliyasoma kwa mwanga wa taa za mafuta. Machi umeme ukarudi, na mwisho wa mwezi mvua za masika zikaanza. Kijana wangu alikinga maji ya mvua katika beseni, akayaacha yatulie. Alfajiri moja baada ya sala tuliuteremsha mkebe. Lile vumbi la makumbi lilikuwa jepesi, la rangi ya kahawa, halina dalili yoyote ya uhai. Lau mtu asiyejua angaliliona, angalilitupa jaani. Akalimimina katika beseni, akalitia maji. Tukakaa.

Kabla ya adhuhuri aliona nukta mbili za macho zikienda. Kisha nyingine. Mpaka jioni tulihesabu 37. Wengine, nakiri, walizaliwa dhaifu, wakakokota matumbo chini wasiweze kuelea, wakafa. Si kila yai huamka likiwa kamili. Lakini waliosalia walianza kula siku ile ile vidudu vidogo vya maji tulivyochuja kwa kitambaa, na haikupita miezi 2 madume yakawa yamevaa rangi zao.

Wasomaji wapendwa, mimi nimefunzwa tangu utotoni kuwa Yule anayeihuisha ardhi iliyokufa ndiye atakayetufufua. Nilikuwa nikiliamini kwa moyo, alhamdulillahi. Lakini siku ile nililiona kwa macho katika beseni ya kufulia. Na pamoja na hayo nikafahamu jambo jingine, ambalo ndilo jibu langu kwa mjukuu. Samaki wa bondeni riziki yake na maji yake yako kwa Mola wake moja kwa moja, bila ya mimi kuwa baina yao. Siku niliyomtia katika kioo nilijiweka katikati. Nikawa mimi ndiye mlango ambao riziki yake inapitia, na mlango ukifungwa ataulizwa aliyeufunga.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, sikukatazi. Rafu ile ya chuma ingaliko, ipo imara, na nimekwisha kuipaka rangi upya. Lakini utaanza na matangi 2. Usihesabu matangi kwa nafasi ya ukuta wala kwa fedha ulizonazo; yahesabu kwa siku ya dhiki, yaani siku isiyo na umeme, isiyo na maji, nawe una homa. Idadi unayoweza kuitunza siku hiyo ndiyo haki yako. Viluwiluwi vya mbu utakavyowafugia samaki chakula, vichuje kila siku, wala usiviache vikapata mbawa vikawauma jirani. Maji unayoyatoa yapeleke bustanini. Ukienda bondeni chukua wachache, na dimbwi liache kama ulivyolikuta, kwani likifukiwa, mayai yaliyomo hayatapata mvua tena. Na pipa la maji katika nyumba hii halina jina la mtu wala la samaki. Akija mwenye ndoo, ijaze kwanza, kisha ndipo uulize khabari zake.

Bibi yule ametangulia mbele ya haki. Kabla ya kufa kwake alikuwa akija siku za Ijumaa kuwatazama samaki, akaketi katika kiti kile kile cha wageni. Siku moja aliniambia akicheka, "Hawa ndio wale wenye bahati?" Nikamwambia, "Ndio hawa, bibi. Mwenye bahati zaidi ni mimi, kwa kuwa ulikuja na ndoo."

Mwenyezi Mungu amrehemu, atusamehe ulimi unaotangulia akili, na atujaalie kuzichunga amana zetu, kubwa na ndogo. Amin.